Land Rover, Mama Mkwe na Waya wa Zambarau

Land Rover yetu ni ya mwaka 1974, Baba Watoto ni wa 1979. Kwa hiyo mama mkwe alipowafundisha watoto kuamkia wakubwa zao kila asubuhi kabla ya chai, walimwamkia bibi, wakamwamkia baba, kisha wakatoka uani wakaliamkia gari. Halikuitikia. Wala si watoto tu. Asubuhi lilikuwa halimwitikii hata mwenye ufunguo. Unazungusha swichi, stata inasema "tk" mara moja, taa ya ndani inafifia mpaka inazimika, basi. Hapo ndipo jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mwalimu mstaafu, anapoweka chini kikombe chake cha kahawa, anakunja suruali na kuja kusukuma bila kuitwa.

Gari lilitoka shamba la mkonge upande wa Muheza, likauzwa mnadani pamoja na matela na matanki ya maji. Ni Series III, toleo lililoanza kutoka kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1971, tena ni 109, ile ndefu. Hizo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Baba Watoto amekulia kwenye kambi za mkonge, baba yake alikuwa karani wa mizani, na utotoni alilikimbilia vumbi la gari la namna hiyo kila meneja alipopita. Mimi nilitaka Toyota ndogo yenye kiyoyozi. "Hili halina kompyuta, Mama Watoto," akaniambia. "Ukishajua waya zake umemaliza." Ni kweli kabisa. Ila nyumbani kwetu hakukuwa na aliyejua waya zake, na kila mmoja alidhani ni yeye.

Vituko vyake vilikuwa vya usiku na mchana. Usiku, ukikanyaga breki, taa za breki zilikataa kuonekana, badala yake dashibodi ndiyo iliyowaka, na taa ndogo za mbele zikachungulia kwa mbali. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa za nyuma zote zilikonyeza. Mchana, injini ikishapata moto, geji ya joto ilipanda mpaka kwenye nyekundu, wakati injini yenyewe inanguruma kwa raha zake. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho Baba Watoto alijivunia: ile taa nyekundu ya betri pale kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka hata siku moja. "Chaji safi," alikuwa akiwaambia wageni.

Tungeendelea hivyo mpaka leo kama si posa ya shemeji.

Shemeji, mdogo wake Baba Watoto, ni fundi wa simu pale Ngamiani, na alikuwa amepata mchumba Muheza. Ujumbe wa posa ulikuwa na mama mkwe, wifi, wazee wawili wa ukoo na mimi. Baba Watoto alizunguka mji asubuhi nzima kuwakusanya wazee, na tulipotoka geji ya mafuta ilisema robo. Robo ya tangi inafika Muheza na kubaki. Tulipofika Pongwe mshale wa joto ukagusa nyekundu, akasimamisha gari kwa kishindo, tukashushwa wote, tukasimama kando ya barabara na kanga zetu za posa. Alisubiri, akafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara, polepole, uso ameugeuzia kando. Rejeta ilikuwa imejaa maji hadi mdomoni. Hata hivyo aliongeza, maji yetu ya kunywa, yakamwagika yote chini.

"Haijachemka," mama mkwe akasema. "Kitu kilichochemka kinanuka. Mimi nimepika miaka yote hii."

Tukapanda tena. Yeye macho yake yote yakawa kwenye mshale wa joto, ule wa mafuta akausahau, na kabla ya kuingia Muheza injini ikakohoa, ikanyamaza. Tangi lilikuwa kavu. Tulifika kwa wakwe juu ya lori tupu lililokuwa likifuata machungwa, mama mkwe amekaa mbele na dereva, sisi wengine nyuma na makapu. Mjomba wa bibi harusi alitupokea mlangoni, akatutazama, akalitazama lori. "Karibuni," akasema, "mmekuja kuposa au kununua?"

Posa ilikubaliwa, lakini walitoa sharti lisiloandikwa popote: siku ya harusi, bibi harusi hatasukuma gari.

Ndipo nyumba yetu ikageuka gereji. Dhana ya kwanza ilikuwa betri. Ikanunuliwa mpya, kwa fedha iliyokuwa ya kupaka nyumba rangi, na ikafa kifo kile kile. Kila jioni ikawa inaingizwa jikoni kwangu kuchajiwa, inawekwa sakafuni karibu na gunia la mchele, na kila asubuhi inatoka. Tone la asidi likatoboa kanga yangu mpya. Dhana ya pili ilikuwa alternata. Ya zamani ikang'olewa, ikafungwa nyingine, na ile ya zamani, kwa kuwa Baba Watoto hatupi kitu, ikapata makao chini ya kitanda chetu. Hakuna kilichobadilika. Kisha zikabadilishwa balbu zote za nyuma. Ukikanyaga breki, dashibodi ikazidi kung'aa.

Shemeji naye hakutaka harusi yake iandaliwe na wengine. Alikuja na mfuko wa waya nyekundu za kengele, zote rangi moja, akaunga redio ili kaka yake apate burudani wakati wa kusukumwa. Fyuzi ikaungua. Akaweka nyingine, ikaungua. Akachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akaivisha fyuzi iliyoungua, akairudisha mahali pake, na redio ikaimba. Iliimba taarabu nusu wimbo, kisha moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya usukani. Wifi akamwaga ndoo ya maji ya kufulia. Binti yetu wa darasa la tano, aliyekuwa akitazama yote hayo kutoka dirishani, akauliza: "Baba, kama geji ya joto inazidisha na geji ya mafuta inazidisha, si labda kuna mtu mmoja anazidanganya zote mbili?" Akaambiwa aende akafanye kazi za shule.

Mzee aliletwa na mama mkwe. Alikuwa fundi umeme katika karakana ya shamba la mkonge mpaka alipostaafu, na mama mkwe alimfahamu tangu enzi hizo za kambi. Alikuja kwa baiskeli, na kifaa chake cha kwanza kilikuwa balbu ya breki, ile ya wati 21, iliyochomekwa kwenye kishikio chake cha bati na kutolewa waya mbili zenye klipu. Tulitarajia afungue boneti. Aliketi kwenye mkeka, akakubali chai na vitumbua, akaanza kuuliza.

Baba Watoto alieleza kwa kirefu habari za betri na alternata. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia mama mkwe. "Na wewe Bibi, umeona nini?"

"Likilala usiku mmoja linajikongoja," akasema mama mkwe. "Likilala mbili halina kauli. Lakini likitoka safari ndefu, Korogwe kwa mfano, huko njiani likakimbizwa, kesho yake linawaka lenyewe. Na mvua ikinyesha linakufa mapema zaidi."

Mzee akaweka kikombe chini. Baadaye aliniambia kwamba kwa maneno yale alikuwa amekwisha kujua magonjwa ni mawili, wala si moja, na ndiyo maana kila dawa ya peke yake ilishindwa: kuna kinachokula betri gari likiwa limelala, na kuna kisichoijaza likiwa linatembea.

Alianza na mlaji. Alizima kila kitu, akafungua waya wa hasi kwenye betri, akabana klipu moja ya ile balbu kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye waya alioufungua. Sasa kila tone la umeme lililotaka kutoka lilipaswa kupita kwenye balbu. Swichi imezimwa, milango imefungwa, taa zote zimezimwa, na balbu ikawaka kwa wekundu hafifu. Watoto wakapiga makofi. "Msishangilie," Mzee akasema, "huyo ni mwizi." Akamweka binti yetu pale mbele aitazame balbu, mwenyewe akaingia chini ya dashibodi kuchomoa fyuzi moja moja. Kwanza akatoka na ile iliyovishwa karatasi ya fedha, akaiinua juu mbele ya shemeji bila kusema neno. Kisha akamweleza. Zile fyuzi za kioo za Kiingereza zilizoandikwa 35 zinaungua zikifika ampea 35. Kazi ya muda wote zinabeba nusu yake tu, kama ampea 17. Ukinunua ya kisasa iliyoandikwa 35, hiyo inabeba 35 kutwa kucha, na ukiweka karatasi ya fedha haitaungua kabisa, badala yake itaungua waya, na waya ikianza haikuulizi nyumba iko wapi.

Alipochomoa fyuzi nyingine, binti akapiga kelele: "Imezima!"

Fyuzi hiyo ilikuwa na waya za zambarau. Hapo Mzee alifurahi, maana magari ya Kiingereza ya enzi zile yana rangi zake na rangi hizo zinasema kweli. Kahawia inatoka betri moja kwa moja, ina moto saa zote. Zambarau nayo ina moto saa zote, ila imepita kwenye fyuzi. Nyeupe hupata moto ukifungua swichi, kijani inatoka kwenye nyeupe kupitia fyuzi, nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni ethi. Kijani yenye mstari wa zambarau ni taa za breki. Baba Watoto alikuwa anazitazama waya zile tangu siku aliyolinunua gari na hakuna aliyewahi kumwambia. Waingereza wenyewe hutania kwamba Lucas, kampuni ya Birmingham iliyotengeneza vifaa vingi vya umeme vya magari yao, ni Mwanamfalme wa Giza. Nilimwambia Mzee utani huo, hakucheka. Alisema waya iliyofungwa kiwandani hajawahi kugombana nayo. Ugomvi wake ni na wote waliokuja baada ya kiwanda. Shemeji akatazama pembeni.

Basi waya za zambarau zikafuatwa. Moja ilikwenda kwenye honi, nzima. Moja ilikwenda taa ya ndani, nzima. Ya tatu haikuwa ya kiwandani: iliungwa kwa tepu nyeusi iliyokwisha kugeuka ulimbo, ikapita juu ya chesisi, imefungwa kwa kamba ya katani, mpaka nyuma kabisa kwenye soketi ya tela. Mzee alilala chini ya gari akaitambua kazi hiyo. Ilikuwa ya karakana yao. Alifungua kifuniko cha soketi, na ndani hapakuwa na pini za kuonekana, ni ukoko wa kijani, umelowa, wenye chumvi ya bahari na tope la mkonge. Umeme ulikuwa ukipita polepole kwenye ule ukoko usiku kucha, na mvua ikinyesha unapita zaidi. Akaikata waya, akaifunga mdomo. Balbu kule mbele ikazima, na fyuzi ikiwa mahali pake.

"Nani aliunga hii?" Baba Watoto akauliza kwa ukali.

"Mimi," akasema Mzee. "Tela lilikuwa na taa ya ndani. Tepu ilikuwa nzuri wakati huo."

Ikaja zamu ya chaji. Mzee akamwambia Baba Watoto afungue swichi bila kuwasha injini. "Taa nyekundu ya betri iko wapi?"

"Haiwaki kamwe, Mzee wangu. Chaji safi."

Mzee hakujibu. Aliingiza mkono nyuma ya saa za dashibodi, akavuta kishikio, akatoa kibalbu kidogo cha wati 2.2 na kukipandisha kwenye mwanga wa jua. Uzi wake ulikuwa umekatika. Taa ile, akasema, inapaswa kuwaka ukifungua swichi na kuzima injini ikishika. Kazi yake si kukupa habari tu. Umeme mdogo unaopita kwenye kibalbu hicho ndio unaoiamsha sumaku ya alternata; kikikatika, alternata inazunguka bure. Ukilikimbiza sana gari, huenda ikajiamsha kwa sumaku kidogo iliyobaki ndani yake, na hiyo ndiyo safari ya Korogwe aliyoisema Bibi. Mjini, kwa mwendo wa sokoni na msikitini, haiamki.

Kabla ya kibalbu kipya mita ya Mzee ilisoma volti 12.2 huku injini ikinguruma. Baada yake ilipanda mpaka 14.1. Bei ya kibalbu ilikuwa ndogo kuliko ya soda. Mimi nilikwenda chumbani, nikapiga magoti, nikaitazama ile alternata ya chini ya kitanda, ambayo kumbe haikuwa na kosa lolote.

Niliporudi uani nilikuta magadi yangu yote yamekwisha. Yameyeyushwa kwenye maji ya moto ndani ya bakuli langu la saladi, na Baba Watoto anayasugulia vichwa vya betri kwa mswaki, povu jeupe linafoka kila magadi yanapokutana na asidi. Mswaki ulikuwa wa mama yake. Mafuta yangu ya mgando nayo yalikuwa yamefunguliwa, yakisubiri kupakwa ili kutu isirudi. Na Mzee, aliposikia kwamba betri imekuwa ikichajiwa jikoni karibu na jiko la mkaa, alivua kofia. Betri inayochajiwa inatoa haidrojeni. Alitaka kujua ni dua gani tunazosoma nyumba hii.

Zilizobaki zilikuwa taa za nyuma na geji, na kwenye taa ndipo alipochukua muda wake. Alimwambia shemeji akanyage breki, akaweka ncha moja ya mita kwenye bati la kishikio cha taa na nyingine kwenye hasi ya betri, kwa waya mrefu. Hapo panatakiwa pasomeke karibu na sifuri. Palisoma volti 4. "Umeme unafika vizuri sana," akamwambia Baba Watoto, "ndiyo maana balbu mpya hazikukusaidia. Unakosa njia ya kurudi. Mlango wa nyumbani ukifungwa, mtu anapita uani kwa jirani." Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, wa breki na wa taa ndogo. Njia hiyo ya kurudi, yaani ethi, ikifa, umeme wa breki unaingia kwenye uzi wa pili kwa nyuma, unarudi kwenye waya nyekundu, na kutafuta ardhi kupitia taa ndogo za mbele na za dashibodi. Ndiyo maana breki ilikuwa inamulika uso wa dereva.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chesisi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana kwenye hewa ya bahari zinakulana, na kinachobaki kati yake ni unga mweupe usiopitisha umeme. Mzee alifungua skrubu za taa moja baada ya nyingine, akapiga msasa mpaka bati likang'aa, akapaka mafuta ya mgando, akarudisha, kisha akavuta waya mweusi mpya kutoka kila taa hadi kwenye chesisi. Mita ikasoma 0.1.

Geji alizimaliza kabla chai ya pili haijapoa. Nyuma ya dashibodi kuna kijisanduku cha bati kinachoshusha volti za betri hadi wastani wa 10 na kuzigawia geji zote mbili, ya mafuta na ya joto. Ethi yake ni skrubu moja. Ilikuwa imelegea, kijisanduku hakifanyi kazi, na geji zote mbili zikawa zinalishwa volti zote za betri na kuzidisha kila kitu. Alipoikaza, mishale miwili ikashuka kwa pamoja. Mama mkwe akamwita mjukuu wake, akamwambia arudie mbele ya baba yake yale aliyoyasema siku ya moshi. Akarudia, neno kwa neno. Baba Watoto alimpa elfu moja, akasema alikuwa anataka kumpima tu.

Harusi ilikwenda. Bibi harusi alitoka Muheza usiku, taa zinamulika barabara, na mjomba wake alifuata nyuma kwa gari lake ili azione taa za breki kwa macho yake. Shemeji alikanyaga breki mara nyingi kuliko barabara ilivyodai. Ile betri ya zamani imebaki kwa mama mkwe, inaendesha redio yake umeme ukikatika, na ameshasema hairudi.

Tatizo ni kwamba sasa Baba Watoto ana testa. Ametengeneza yake mwenyewe, balbu ya wati 21 na klipu mbili, na anatembea nayo mfukoni. Mwalimu mstaafu ana Peugeot 404 chini ya mwarobaini, imefunikwa turubai tangu alipostaafu, na akiguswa kidogo huhadithia jinsi 404 ilivyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland akiwa kwenye usukani. Jumamosi nilisikia turubai likivutwa ng'ambo ya ukuta, kisha sauti ya mume wangu: "Niambie kwanza, Mwalimu, likilala usiku mmoja linakuwaje?"

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "ficha magadi. Na mswaki wangu."